Sura ya 6: Mashine ya Laki Saba Inaona Dhahabu?

Swali hili nimeulizwa stendi ya Chunya, nimeulizwa Mwanjelwa nikiwa nasubiri chai, na Iringa mjini aliniuliza fundi baiskeli huku mkono wake mmoja ukiwa kwenye mnyororo. Maneno hubadilika kidogo, swali ni lile lile: "Kuna mashine inauzwa laki saba, wanasema inaona dhahabu. Ninunue?"

Mara nyingi anayeuliza ni kijana aliyeuza mahindi au viazi, ana pesa mkononi mara moja kwa mwaka, na ameshamwona au kumsikia mtu aliyeokota punje moja ikambadilishia maisha. Pesa hiyo ikipotea, ni ada ya mtoto imepotea, au mbolea ya msimu ujao. Kwa hiyo swali lake linastahili jibu lenye vipimo.

Jibu langu ni hili. Mashine ya bei nafuu inaweza kweli kugundua dhahabu. Tatizo ni kwamba dhahabu inayoiweza, yaani kubwa na ya juu juu, ndiyo ambayo watu wa Chunya wamekuwa wakiiokota kwa miaka mia moja.

Mashine inasikiliza, haioni

Tuanze na inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wauzaji wengi huongeza chumvi. Ile sahani ya duara iliyo chini ya mpini, ambayo mafundi huiita koili, ndani yake ina waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita humo ukibadilika-badilika, unatengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali yoyote, iwe dhahabu, msumari au kisoda, inaamsha umeme mdogo ndani ya kitu hicho. Umeme huo nao unatengeneza sumaku yake dhaifu, na koili inaisikia kama mwangwi. Ndipo mashine inalia.

Kwa hiyo mashine haina jicho la kutambua dhahabu. Inasikia kwamba chini kuna kitu kinachopitisha umeme. Kioo chake kikiandika "gold", hiyo ni bahati nasibu ya vipimo, kwa sababu kipande cha karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara hutoa mwangwi unaofanana sana na wa dhahabu ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi dukani. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na sahani, ukizidisha umbali mara mbili, mwangwi hushuka kama mara 64. Ndiyo maana hakuna mashine, hata ya mamilioni, inayoona punje ndogo mita moja chini. Anayekuahidi hivyo anakuuzia ndoto.

Ulezi, mtama na mahindi

Dhahabu ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 19.3. Gramu moja, basi, ni kijipande kisichofikia milimita 4 kila upande. Watu wakisikia "gramu tano" hufikiria kitu cha kujaza kiganja.

Mimi hupima kwa nafaka, kwa kuwa kila mtu anazijua. Dhahabu yenye ukubwa wa punje ya ulezi ina uzito wa takriban gramu 0.04. Yenye ukubwa wa punje ya mtama ni karibu nusu gramu. Yenye ukubwa wa punje ya mahindi ni kama gramu 4 au 5.

Sasa weka nafaka hizo mbele ya mashine ya laki saba. Ulezi hautasikika kabisa, hata ukiugusisha kwenye sahani. Mtama utasikika ukiwa juu juu, labda vidole viwili au vitatu chini, na kwenye udongo mtulivu tu. Mahindi yatasikika vizuri, ila ni wangapi wanaookota dhahabu ya ukubwa huo?

Na kuna dhahabu isiyosikika kwa mashine yoyote duniani. Dhahabu ya mwamba, ile inayochimbwa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, mara nyingi ni vumbi lililosambaa ndani ya jiwe jeupe. Inabidi jiwe lipite kwenye karasha, lisagwe hadi liwe unga, ndipo dhahabu ikamatwe. Nyakavangala, kule Iringa vijijini, wachimbaji hushuka ardhini kufuata mwamba wa namna hiyo. Mtu akinunua mashine ili atembee nayo juu ya mwamba wenye vumbi, atatembea mwaka mzima bila kusikia chochote, na chini yake kuna dhahabu.

Udongo mwekundu nao unalia

Kijana mmoja alinijia Makongolosi na mashine mpya, bado ina nailoni kwenye mpini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Umeipata wapi?"

"Mjini. Muuzaji aliniwekea pete ya dhahabu, ikalia kutoka mbali. Nikalipa pale pale. Lakini huku inalia kila ninapokanyaga, mzee. Dhahabu imejaa kiasi hicho?"

Tulitoka nje. Aliipitisha juu ya ardhi tupu, ikalia. Akasogea hatua tatu, ikalia. Akachimba kwa sururu pale ilipolia sana, akatoa kokoto nyeusi nyeusi, nzito, za rangi ya kutu. Alizipanga kwenye kiganja, akazipitisha moja moja mbele ya sahani. Tatu kati ya tano zilimlilia.

Hiyo si mashine mbovu. Ni udongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Chunya ni nyekundu kwa sababu ya chuma, na imechanganyika na kokoto za chuma zinazotoa mwangwi wake. Mashine nzuri ina kitufe cha kuisawazisha na ardhi: unaipandisha na kuishusha juu ya udongo mtupu mpaka inauzoea na kuunyamazia, kisha inalia kwa kitu cha tofauti tu. Nyingi za bei ya chini hazina kitufe hicho, au kipo kimepangwa kiwandani na hakibadiliki. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetafuta sarafu kwenye bustani au mchanga wa ufukweni. Ukiipunguza makali ili inyamaze, umepunguza na uwezo wa kusikia mtama. Ukiiacha makali, inakufanya uchimbe kokoto kutwa.

Na pete aliyowekewa dukani? Pete ni duara lililofungwa. Umeme unazunguka ndani yake kwa urahisi, kwa hiyo hulia kwa nguvu kuliko punje ya dhahabu yenye uzito ule ule. Tena ilijaribiwa hewani, pasipo udongo. Kijana hakudanganywa kwa neno hata moja, ila jaribio lenyewe halikuhusu kazi aliyoinunulia mashine.

Waliotutangulia

Dhahabu ya bonde la mto Lupa, huku huku Chunya, ilitangazwa mwaka 1922. Miaka ya 1930 watu walimiminika, Wazungu wenye vibali na Waafrika kwa maelfu waliofanya kazi ya jembe na karai, na mji wa Mbeya ulikua ukihudumia machimbo hayo. Walichokitafuta kwanza ni dhahabu ya mchanga, ile iliyomomonyoka kutoka kwenye mwamba ikatawanyika juu ya ardhi na kwenye vijito. Walichekecha kwa mikono, tena sehemu nyingi pasipo maji ya kutosha. Baada yao wakaja wachimbaji wadogo, kizazi kwa kizazi. Kisha zikaja mashine zenyewe, za bei kubwa, na vijana wakapita kila korongo linalojulikana.

Walichoacha ni cha aina mbili: kilicho chini sana, au kilicho kidogo mno. Ukirudi kwenye nafaka zetu, utaona kwamba hivyo viwili ndivyo hasa mashine ya laki saba haiviwezi. Hilo ndilo linalonifanya nimwambie mtu asubiri. Mashine ileile kwenye ardhi ambayo haijaguswa na mtu ningeizungumzia tofauti.

Zaidi ya hapo, waliotangulia wameacha chuma. Misumari ya mabanda ya miaka ya 1930, maganda ya risasi, nyaya, vipande vya karai, na visoda vya juzi. Vyote vinalia.

Kwa ufupi hadi hapa

Mashine ya bei nafuu inasikia dhahabu kubwa iliyo juu juu, kwenye udongo usio na chuma kingi. Haisikii vumbi la kwenye mwamba. Pete dukani haithibitishi kitu.

Herufi zilizo kwenye boksi

Boksi likiandikwa VLF, mashine hiyo inatuma mawimbi mfululizo bila kupumzika. Uzuri wake hutegemea kilohezi, yaani mawimbi hayo hubadilika mara elfu ngapi kwa sekunde moja. Kilohezi nyingi husikia vitu vidogo, kilohezi chache husikia vikubwa. Mashine nyingi za laki chache huwa chini ya kilohezi 10, ambazo zinafaa sarafu. Zile zilizoundwa kwa ajili ya dhahabu huwa juu zaidi: Garrett AT Gold ni kilohezi 18, Minelab Gold Monster 1000 ni 45, Nokta Gold Kruzer ni 61, Fisher Gold Bug 2 ni 71. Muuzaji asipoweza kukuambia kilohezi za mashine anayouza, funga mkoba wako.

Boksi likiandikwa PI, mashine inatuma pigo, inanyamaza, halafu inasikiliza katika ule ukimya. Faida yake ni kwamba udongo mwekundu hunyamaza haraka kuliko metali yenyewe, hivyo kelele za ardhi hupungua na mashine inakwenda chini zaidi. Minelab GPX 5000, ambayo wachimbaji wengi huijua kwa jina, ni ya jamii hii. Hasara yake ni bei, na mara nyingi haina uwezo mzuri wa kutofautisha msumari na dhahabu, kwa hiyo unachimba kila kinacholia.

Umaarufu huo wa GPX umezaa balaa lake. Kampuni ya Minelab ya Australia imetoa tahadhari mara nyingi kuhusu nakala bandia za mashine zake zinazouzwa Afrika. Ukiona GPX "mpya" kwa bei ya pikipiki chakavu, haiwezekani ikawa ya kweli. Andika namba iliyo kwenye mashine, iulizie kwa kampuni au kwa wakala wake anayetambulika, kabla pesa haijatoka.

Kisha kuna zile za antena. Unashika mpini, fimbo inazunguka yenyewe, na unaambiwa dhahabu iko mita mia mbili upande wa mlimani. Kwa hizi sina maneno ya kupima pande mbili. Hazifanyi kazi. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza kifaa cha antena namna hiyo kilichoitwa ADE 651, akidai kinagundua mabomu. Ndani hakikuwa na kitu cha kugundua chochote. Kilitumika kwenye vizuizi vya barabarani nchini Irak, na watu walipita na mabomu halisi mbele yake. Kama fimbo hiyo ilishindwa bomu ndani ya gari, haitaona dhahabu chini ya mwamba.

Ijaribu kabla hujalipa

Muuzaji mkweli hatakataa jaribio la nusu saa. Nenda na vitu hivi:

- Vipande vya madini ya risasi, ile ya kuvulia samaki, ukikata kimoja cha ukubwa wa mtama na kimoja cha ukubwa wa mahindi. Risasi hulia karibu sawa na dhahabu ya asili, na ukiipoteza hulii.
- Gundi, na vifuniko viwili vya plastiki vya chupa ya maji. Gandisha kila kipande kwenye kifuniko chake.
- Ndoo ya udongo mwekundu kutoka mahali utakapofanyia kazi, pamoja na kokoto zake nyeusi.
- Msumari mmoja wenye kutu.

Mwaga udongo chini, mahali ambapo hapana nondo wala mabati karibu. Pitisha mashine juu ya udongo mtupu kwanza. Ikilia mfululizo na hakuna kitufe cha kuinyamazisha, jaribio limekwisha, mshukuru muuzaji uondoke. Ikinyamaza, fukia risasi ya mtama kidole kimoja chini, kisha viwili, kisha vinne. Iandike pale inapoacha kusikika. Rudia kwa ya mahindi. Mwisho fukia msumari, usikie kama sauti yake ina tofauti yoyote na ya risasi. Udongo wa ndoo umeshavurugwa, na ardhi iliyotulia huko porini inaweza kuwa ngumu zaidi, kwa hiyo kina ulichokipata pale ni cha siku njema.

Hesabu ya daftari

Tuchukue mfano, na wewe uweke bei za siku yako. Mashine ni 700,000. Tuseme soko linanunua gramu moja ya dhahabu yako kwa 200,000. Mrabaha wa serikali ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, inabaki 186,000. Tuseme mmekubaliana na mwenye leseni achukue theluthi, unabaki na 124,000. Ili urudishe bei ya mashine tu, unahitaji gramu 5.6, yaani punje 12 au 13 za ukubwa wa mtama. Ukila na kulala kwa 10,000 kwa siku, siku thelathini zinaongeza gramu 2.4, punje nyingine tano.

Punje kumi na nane. Kila moja iwe ndani ya vidole vitatu vya juu, mahali ambapo wengine wote walipita wakaiacha. Inawezekana, wapo waliofanya hivyo. Ila ukishaiandika hivyo kwenye karatasi unajua unachokwenda kutafuta.

Mashine ya milioni tano nayo, kwa hesabu hiyo hiyo, inadai gramu 40 kabla haijakurudishia shilingi yako. Bei kubwa inanunua kina, hainunui ardhi yenye dhahabu. Ndiyo maana kwa wengi nashauri watu watatu au wanne wachangie moja nzuri, au wakodi kwa mwenye nayo kwa makubaliano ya kugawana, kabla ya kila mmoja kununua yake ya laki saba.

Ardhi ni ya nani

Kuwa na mashine hakukupi haki ya kutafuta. Madini yako chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na marekebisho yake, na anayesimamia ni Tume ya Madini. Eneo likiwa na leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hupewa Mtanzania kwa miaka 7 na huweza kuhuishwa, unamwendea mwenye leseni, mnaandikishana. Dhahabu ukiipata inauzwa kwenye soko la madini au kituo cha ununuzi kinachotambulika. Soko la Chunya lilifunguliwa mwaka 2019, na bei elekezi unaweza kuiulizia hapo hapo. Anayekushawishi muuziane gizani kwa bei nzuri zaidi, mzani ni wake na kesi itakuwa yako.

Niseme na hili, kwa sababu Iringa naulizwa zaidi kuhusu "mali za Wajerumani" kuliko kuhusu dhahabu ya asili. Watu hununua mashine wakachimbe Lugalo, ambako Wahehe waliwapiga Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, au Kalenga, kwenye ngome ya chifu wao Mkwawa iliyoanguka mwaka 1894. Kilichobaki ardhini huko ni maganda ya risasi na vipande vya chuma, na mahali kilipolala kila kimoja ni sehemu ya habari za babu zetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu hivyo bila kibali. Inaniuma nikiona shimo jipya mahali kama pale. Shimo moja la usiku linafuta kitu ambacho hakuna atakayeweza kukiandika tena.

Nani anunue

Nitamwambia anunue mtu mwenye mambo haya: ana makubaliano na mwenye leseni, eneo lina dhahabu ya punje inayoonekana kwenye karai, mashine ameijaribu kwa risasi kwenye udongo wake ikanyamaza na kusikia, na pesa hiyo hata ikipotea watoto watakula. Mahali pazuri pa mashine ndogo ni kwenye vifusi vinavyotolewa maduarani, ambako mawe yenye vipande vya dhahabu hutupwa pamoja na taka kwa kuwa hakuna aliyevunja kila jiwe. Hapo hakuna haja ya kina. Unatandaza kifusi kwa reki, unapitisha, unatandaza tena. Shamba jipya lililolimwa kwa mara ya kwanza, na makorongo baada ya mvua kubwa kukata kingo, nayo yanafaa.

Yule kijana wa Makongolosi alimrudia muuzaji, akakataliwa. Akaniuliza afanye nini na mashine inayolilia udongo. Nikampeleka kwa mwenye duara mmoja, wakakubaliana nusu kwa nusu, na akaanza na kifusi cha mawe meupe yaliyokauka, ambacho hakina udongo mwekundu mwingi. Nilimwomba jambo moja tu: daftari. Aandike kila kilicholia.

Wiki tatu baadaye alinionyesha. Ukurasa wa kushoto ameandika kwa kalamu ya bluu: misumari 61, visoda 14, kipande cha mnyororo, kokoto nyeusi "nyingi, nimeacha kuhesabu". Ukurasa wa kulia una mstari mmoja: jiwe 1, lilivunjwa na kusagwa, gramu 1.3. Chini yake ametoa fungu la mwenye duara, ametoa chakula, na amepiga mstari chini ya jumla. Ilikuwa bado hasi. Aliniuliza kama kifusi cha pili kina mawe meupe zaidi ya kile, tukaenda kukiangalia.